Kulala Chini ya Poncho ya Jeshi: Mwongozo Kamili wa Kuigeuza Paa la Kambi

Poncho ya jeshi ni kipande kimoja cha kitambaa kisichopitisha maji, chenye kofia katikati, matundu yaliyozungushiwa pete za chuma pembeni, na vishikizo vya kubana kwenye kingo zake mbili ndefu. Ukiivaa, inakufunika wewe pamoja na shanta mgongoni. Ukiitandaza na kuifunga kwa kamba, ni paa la mtu mmoja.

Lakini si hema. Haina sakafu wala mlango, na eneo lake ni dogo kiasi kwamba kila sentimita unayoinua paa inakupunguzia upana wa sehemu kavu. Wengi wanaolowa chini ya poncho hawakushindwa kufunga mafundo. Waliiinua mno kwa sababu walitaka kukaa wima kama ndani ya hema. Poncho ni ya kulala, si ya kukaa. Ukilikubali hilo, mengine yote yanafundishika.

Ijue poncho yako kabla ya kutoka

Poncho ya kawaida ya jeshi la Marekani ni ya nailoni nyepesi iliyofumwa kwa nyuzi nene zinazounda miraba midogo ili mchaniko usiendelee, ikapakwa utando wa poliyurethani (aina ya plastiki isiyopitisha maji) upande wa ndani. Vipimo hutofautiana kidogo kati ya toleo na toleo, lakini chukulia takriban sentimita 168 kwa 230. Hesabu zote za mwongozo huu zimetumia kipimo hicho. Ipime yako kwa futi kamba, kwa sababu poncho nyingi zinazouzwa kwa jina la "kijeshi" ni fupi zaidi, na iliyopungua sentimita 20 kwa urefu haifai kulaliwa na mtu mzima ila kwa umbo la mshazari.

Majeshi mengine yana maumbo yao. Zeltbahn ya Wajerumani ya mwaka 1931 ni ya pembetatu, na nne zikiunganishwa hufanya hema la piramidi. Plash-palatka ya Kisovieti ni turubai la pamba la karibu mraba, takriban sentimita 180 kila upande. Kama unayo ya pamba, kumbuka tofauti moja kubwa: pamba huzuia maji kwa sababu nyuzi zake huvimba zikilowa na kuziba nafasi. Ukiigusa kwa ndani wakati mvua inanyesha, maji huanza kupenya pale pale ulipogusa. Nailoni iliyopakwa utando haina tabia hiyo, ila ina ya kwake ya kutoa unyevu kwa ndani, ambayo tutaifikia.

Kabla ya safari fanya ukaguzi. Itandaze dhidi ya mwanga mkali na utafute vitundu. Kagua mshono wa kofia shingoni kwa makini zaidi kuliko mahali pengine, maana ndipo poncho nyingi huvuja kwanza. Kisha ifunge kwenye mti au kamba ya kuanikia nguo, mwagia maji ya ndoo polepole juu ya mshono huo na utazame chini. Ukivuja, ukaushe kabisa na upake gundi ya kuziba mishono inayofaa kwa poliyurethani. Gundi ya silikoni haishiki kwenye utando wa poliyurethani. Itabanduka kama ganda.

Vifaa

Hivi vyote vinaingia kwenye mfuko mdogo na kukaa pamoja na poncho wakati wote:

- Kamba ya mgongo, yaani inayobeba paa kutoka mti hadi mti: mita 7, unene wa milimita 3 hadi 4.
- Kamba nyembamba ya milimita 2: vipande 6 vya sentimita 60 kwa ajili ya vitanzi vya pembeni, vipande 4 vya mita 1.5 kwa kamba za kuvutia, na vipande 3 vya sentimita 40 kwa kofia na mafundo ya kuteleza.
- Vigingi 6 vya sentimita 18 hadi 20. Kwenye mchanga chukua virefu zaidi.
- Mpira wa kuvutika, vipande 4 vya sentimita 15.
- Plastiki au turubai la kutandika chini, sentimita 190 kwa 70. Usilete pana zaidi. Sababu iko mbele.
- Godoro jembamba la povu.
- Tepu ya kuziba vitundu, kipande cha nusu mita kilichoviringishwa kwenye kalamu au kiberiti cha gesi.
- Mfuko mkubwa wa taka usiotoboka.

Huo mfuko wa taka usiuache. Poncho ikishakuwa paa, huna tena koti la mvua. Ukilazimika kutoka usiku kukaza kamba au kujisaidia, toboa mfuko sehemu ya kichwa na mikono, uvae.

Fanya kazi ya vidole nyumbani. Funga vitanzi vya kamba nyembamba kwenye pete za pembe nne na kwenye pete za katikati ya kingo ndefu, uviache humo moja kwa moja. Gizani, kwenye mvua, vidole vikiwa vimekufa ganzi, hutaki kuanza kuingiza kamba kwenye tundu dogo.

Mahali pa kulala

Anza na kutazama juu. Tawi lililokauka juu ya kichwa chako ni sababu tosha ya kuhama, hata kama chini pamependeza. Usijibanze chini ya mti mmoja mrefu uliosimama peke yake uwanjani. Radi hupiga kilichochomoza.

Halafu tazama chini. Majani yaliyolala upande mmoja, changarawe iliyooshwa na takataka zilizokwama kwenye mizizi ni alama za njia ya maji. Korongo kavu si mahali pa kulala, kwa kuwa mvua inaweza kunyesha mbali usiione na maji yakakufikia. Kaa angalau mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Bonde la chini kabisa nalo liepuke, kwani hewa baridi hushuka na kutuama humo usiku, na umande hufuata. Hatua chache kupanda mteremko zinaweza kukuletea usiku mkavu zaidi.

Chagua ardhi yenye mwinamo mdogo sana, ulale kichwa kikiwa upande wa juu. Usichimbe mfereji kuzunguka kibanda. Unaharibu ardhi, na kama mahali palichaguliwa vizuri hauhitajiki. Kama palichaguliwa vibaya, hautakusaidia.

Mwisho, tafuta upepo unatoka wapi. Rusha majani makavu au lowesha kidole. Elekeza miguu au upande wa paa ulioshuka hadi chini huko, kamwe usielekeze uwazi.

Kuziba kofia

Hatua hii hurukwa kuliko zote. Kofia iliyoachwa wazi ni tundu la kipenyo cha kichwa katikati ya paa. Ikiachwa ikaning'inia ndani inakuwa faneli inayomimina maji kifuani pako.

1. Hakikisha kofia iko upande wa nje wa paa.
2. Vuta uzi wa kofia mpaka uso wake ujifunge kabisa, ufunge fundo.
3. Ivute kofia juu, uisokote shingo yake mizunguko miwili au mitatu.
4. Ikunje irudi chini juu yake yenyewe.
5. Zungushia kamba ya sentimita 40 mara tatu kwa nguvu kwenye shingo pamoja na mkunjo wake, ufunge. Mwisho wa kamba acha kitanzi cha kuning'inizia.

Unaposokota, shika kofia tu. Ukikusanya na kitambaa cha paa, kitajikunja na kuacha makunyanzi yanayopeleka maji shingoni badala ya kuyatoa.

Kamba ya mgongo na mafundo matatu yanayotosha

Miti miwili iliyoachana mita 3 hadi 4 ni kipimo kizuri. Kwenye mti wa kwanza zungusha kamba mara mbili, kisha funga mafundo nusu mawili (fundo nusu ni kuizungusha ncha kwenye kamba mara moja na kuipitisha ndani ya duara lake). Kwenye mti wa pili unahitaji fundo la kukazia: kiasi cha sentimita 60 kabla ya kufika mtini, tengeneza kitanzi cha kufyatuka kwenye kamba iliyokwishanyooka, pitisha ncha nyuma ya mti, irudishe ipite ndani ya kitanzi, uivute kurudi mtini mpaka kamba ilie ukiigonga, kisha ibane kwa mafundo nusu mawili, la mwisho ukilifunga kwa kamba iliyokunjwa ili asubuhi uivute ncha na lote lifunguke.

Fundo la pili ni la kuteleza na kushika. Chukua kamba ya milimita 2, ifunge iwe kitanzi, uizungushe mara tatu juu ya kamba ya mgongo huku ukiipitisha ndani ya yenyewe. Ikiwa haina mzigo unaisukuma kwa kidole, ikivutwa inang'ata. Kwa mafundo hayo mawili, moja kila mwisho wa paa, unaikaza poncho kwa urefu bila kufungua chochote. Sharti kamba hiyo iwe nyembamba kuliko ya mgongo. Zikilingana unene, itateleza, hasa zikilowa.

Fundo la tatu ni la kamba za kuvutia: pitisha ncha nyuma ya kigingi, irudi, izungushe mara mbili kwenye kamba kuu kwa ndani ya kitanzi, kisha mara moja kwa nje juu yake, ukaze. Ukilisukuma fundo hili kuelekea poncho, kamba inakaza; ukilirudisha, inalegea.

Kamba ya mgongo ipite juu ya kitambaa au chini yake? Kwa mvua ya kawaida, ipitishe juu: funga ncha mbili za paa na kitanzi cha kofia kwenye kamba, poncho ining'inie kwa nukta tatu. Maji yanayosafiri kwenye kamba hayapati njia ya kuingia, na kofia inavutwa juu badala ya kutengeneza kidimbwi. Kwa upepo mkali ipitishe chini, maana kamba hubeba uzito kwa urefu wote na pete hazing'oki. Lakini hapo kila ncha ya kamba inayoingia chini ya paa inahitaji kizuizi cha maji: funga uzi wa sentimita 10 ukining'inia kwenye kamba, sentimita chache nje ya ukingo wa paa. Maji yakifika pale yanashuka na uzi badala ya kuendelea ndani. Miongozo ya jeshi la Marekani hupendekeza pia kijiti cha urefu wa sentimita 10 kilichofungwa kwenye kamba karibu na pete. Hufanya kazi ile ile.

Umbo la kwanza: paa la pande mbili

Hili ndilo la kujifunza kwanza na ndilo la kutumia mvua ikiwa na uhakika. Mgongo unafuata urefu wa sentimita 230, kila upande ukibaki na sentimita 84 za kitambaa. Angalia kimo kinavyokula upana:

- Mgongo ukiwa sentimita 45 na kingo zikigusa ardhi, unapata upana wa sentimita 142.
- Mgongo ukiwa sentimita 60, upana unashuka hadi 118.
- Mgongo ukiwa sentimita 70 na kingo zimeinuliwa 15 ili hewa ipite, upana ni takriban 127, lakini pembeni pako wazi kwa matone yanayoruka kutoka ardhini.

Sentimita 60 ndicho kimo cha kuanzia. Ukigeuka usiku hugusi kitambaa kila mara, na una karibu sentimita 25 hadi 30 za ziada kila upande wa godoro.

Hatua zake:

1. Funga kamba ya mgongo kwa kimo cha kiuno kwanza, si kimo cha mwisho. Ni rahisi kufanya kazi ukiwa umesimama.
2. Tundika poncho, kofia nje, uwazi wa uso wa kofia ukielekea upande usio na upepo.
3. Funga katikati ya ukingo mfupi wa kila upande kwenye fundo la kuteleza. Kama poncho yako haina pete pale, weka kokoto la mviringo la kama sentimita 2 ndani ya kitambaa, lifunge shingoni kwa kamba, na hapo una mahali pa kuvutia pasipotoboa kitu.
4. Sukuma mafundo ya kuteleza kuelekea mitini mpaka mgongo unyooke bila kunyanzi. Funga kofia kwenye kamba.
5. Shusha kamba ya mgongo hadi kimo chake, uikaze upya.
6. Piga vigingi vya pembe nne, ukianza na upande wa upepo. Vuta pembe kwa mshazari, nje na nyuma kwa pamoja, si nje tu. Kigingi kiingie kikiwa kimeegemea mbali na paa.
7. Malizia na vigingi viwili vya katikati ya kingo ndefu. Hivi ndivyo vinavyozuia kitambaa kupigapiga na kukugusa usoni.

Kama upepo unavuma kwa nguvu, shusha mwisho wa miguuni hadi sentimita 35 au 40, uuelekeze kwenye upepo, na usimamishe shanta lako pale kama ukuta. Upande wa kichwani ubaki sentimita 65.

Hakuna miti? Fimbo mbili za kutembelea za sentimita 110 zinatosha. Kila fimbo ina kamba mbili zinazotoka kichwani kwenda ardhini kwa umbo la V, na kamba ya mgongo ikivuta upande wa tatu. Fimbo yenye kamba moja tu huanguka upepo ukigeuka.

Umbo la pili: kipenu

Ukingo mmoja mrefu unafungwa juu, ule wa pili unapigwa vigingi chini upande wa upepo. Ukiinua wa juu sentimita 90, unapata kina cha sentimita 142 na mwinamo wa nyuzi kama 32. Ukiinua hadi 120, kina kinabaki 118. Usishuke chini ya mwinamo wa nyuzi 30 hivi, kwa sababu maji huanza kutuama katikati, na uzito wake unavuta kitambaa kichukue maji zaidi.

Uso wa kofia hapa uelekee chini ya mteremko, ili maji yapite juu ya mkunjo bila kuingia. Kisha funga kitanzi cha kofia kwa kamba kwenye tawi la juu au kijiti kirefu cha nyuma. Katikati ya kipenu ndipo panapobonyea, na kamba hii moja inapainua sentimita 10 muhimu.

Kipenu kinapendeza: unaona nje, hewa inapita, unaweza kuketi mbele. Ni cha usiku usio na mvua, au wa mvua isiyobadili upande. Upepo ukigeuka saa nane usiku, mvua inaingia moja kwa moja kitandani na huna ukuta wa kuizuia. Kwa hiyo, ukikifunga kipenu, tayarisha mapema vigingi na kamba za kukibadilisha. Kuushusha ukingo wa juu, bila kupita chini ya mwinamo ule wa nyuzi 30, kunapunguza tatizo.

Umbo la tatu: mshazari

Kwa mtu mrefu kupita sentimita 180, au mahali penye mti mmoja tu. Mshazari wa poncho ni sentimita 285. Funga pembe moja kwenye mti kwa kimo cha mita 1, piga kigingi pembe ya mkabala upande wa upepo, umbali wa kama sentimita 267 kutoka shina, kisha vuta pembe mbili zilizobaki chini kwa kulia na kushoto. Kichwa kinakaa upande wa mti, miguu kwenye pembe ya chini.

Umbo hili hukata upepo kuliko yote na linafungwa haraka kuliko yote: kamba moja, vigingi vitatu. Udhaifu wake ni upande wa mtini, ulio wazi kabisa. Usitumie kama upepo unazunguka.

Poncho mbili

Vishikizo vya pembeni viliwekwa ili poncho moja ibanwe na nyingine. Ukibana kingo ndefu mbili na kuacha mpandiano wa sentimita chache, unapata kitambaa cha takriban sentimita 330 kwa 230. Weka kiungo hicho juu ya kamba ya mgongo kwa kimo cha sentimita 110, na chini utapata upana wa kama sentimita 246: wawili wanalala na mizigo inakaa.

Mambo mawili ya kuangalia. Ukingo wa juu kwenye mpandiano utoke poncho ya upande wa upepo na uangukie upande wa pili, ili mvua isisukumwe kupitia kati ya vishikizo. Na kofia sasa ziko mbili, kila moja katikati ya mteremko wake. Zizibe zote, nyuso zikielekea chini, kila moja ivutwe nje kwa kamba na kigingi. Mvuto huo huongeza nafasi ndani kwa namna ambayo utaishukuru.

Kufunga mvua ikiwa imeanza

Endelea kuvaa poncho. Ukiwa ndani yake funga kamba ya mgongo yote, piga kwa macho mahali pa vigingi, weka vigingi mfukoni. Ndipo uvue, uzibe kofia, utundike. Kati ya kuvua na kupata paa isizidi dakika tatu, na mazoezi ya mara kadhaa nyumbani yanakufikisha hapo. Shanta libaki limefungwa mpaka paa limekaza. Plastiki ya chini hutandikwa mwisho, chini ya paa, si kabla.

Kitanda

Baridi ya usiku hutoka ardhini pia, si hewani tu, na poncho haina la kufanya kuhusu hilo. Godoro la povu ni lazima. Kama huna, rundika majani makavu yenye unene wa sentimita 15 baada ya kuyakandamiza kwa uzito wako, pale tu ambapo kuokota majani kunaruhusiwa, na uyapekue kwa kijiti kwanza kutafuta nge na nyoka.

Plastiki ya chini isitokeze nje ya paa hata kidogo. Ikitokeza, inakinga mvua na kuileta chini ya mgongo wako. Ndiyo maana ya ule upana wa sentimita 70: ndani ya sentimita 118 inabaki nafasi ya kutosha kila upande. Kunja kingo zake juu sentimita 3 au 4 pande zote. Kwa urefu, paa la sentimita 230 linakuachia kama sentimita 20 kichwani na 20 miguuni kwa plastiki ya 190. Viatu na shanta ndivyo vya kukaa kwenye sehemu hizo za ukingoni, si mfuko wako wa kulalia.

Yanayoharibika usiku, na kwa nini

Paa limelegea. Nailoni hunyonya maji kidogo na kurefuka ikilowa. Si kosa lako. Kaza upya baada ya nusu saa ya kwanza ya mvua, na tena kabla ya kulala. Vipande vya mpira kati ya kitanzi cha pembe na kigingi huchukua ulegevu huo vyenyewe na hulinda pete zisichanike upepo ukivuta kwa ghafla. Kamba ya polyesta hairefuki sana kama ya nailoni, kwa hiyo ndiyo bora kwa mgongo.

Matone ndani bila kuvuja. Huo ni unyevu wa pumzi na jasho lako uliogeuka matone kwenye kitambaa baridi. Utando haupitishi maji toka nje wala mvuke toka ndani. Usiku mtulivu, inua kingo sentimita 10 hadi 15 na uache mwisho wa kichwani wazi. Weka kitambaa kikavu karibu, ufute kabla matone hayajakuangukia. Kwa sababu hiyo hiyo usijiviringishe poncho mwilini usiku kucha kama blanketi. Utaamka umelowa kutoka ndani, isipokuwa kwa dharura ambapo upepo ndio adui mkubwa.

Dimbwi juu ya paa. Mwinamo ni mdogo au pembe moja haijavutwa kwa mshazari. Usisukume maji juu kwa mkono ukiwa umelala. Yatateremka upande wa kichwa. Shusha pembe moja ya upande wa miguu kwa muda, yatoke, kisha urekebishe mvuto.

Kigingi kimeng'oka. Ardhi imelainika. Kizike kwa kulala: chimba kijishimo cha sentimita 15, funga kamba katikati ya kijiti kinene, kilaze ndani, fukia, kanyaga. Au weka jiwe kubwa juu ya kamba, si juu ya kigingi.

Moto

Nailoni huyeyuka, na cheche moja hutoboa paa. Moto ukae zaidi ya mita 2 mbele ya uwazi, upande ambao upepo unapeleka cheche mbali nawe. Usipike wala kuwasha jiko la aina yoyote ndani ya paa lililoshushwa kingo hadi chini. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu, na mtu aliyelala hapati onyo.

Kuifungua na kuitunza

Ng'oa vigingi kwanza, mgongo mwisho, ili kitambaa kisiburuzwe matopeni. Kung'uta kwa nguvu, ukunje upande wenye maji ukiwa nje, na usiiweke pamoja na nguo kavu. Ukifika, ifungue siku hiyo hiyo, ianike kivulini mpaka ikauke hadi kwenye mikunjo ya kofia. Unyevu na joto huvunja utando wa poliyurethani polepole. Dalili zake ni kunata na harufu kali, na baadaye vipande vinavyobanduka kama maganda. Ikifikia hapo haitengenezeki.

Uchafu utoe kwa maji baridi, sabuni kidogo na sponji laini. Mashine ya kufulia na pasi hapana. Vitundu vidogo vizibe kwa tepu au kiraka chenye pembe za mviringo kinachozidi mchaniko sentimita 2 hadi 3 kila upande, upande laini wa utando ukiwa umefutwa kwa spiriti na kukauka kwanza. Kisha irudishe mfukoni ikiwa imekunjwa kwa kulegea, vitanzi vyote vikiwa bado vimefungwa kwenye pete zake, na mita 7 za kamba ya mgongo zikiwa juu kabisa, za kwanza kushikwa na mkono.